Mlinzi Aliyeambiwa Atulie
Mhadhara kwa umma kuhusu tiba ya kinga dhidi ya saratani

 

Kabla sijafungua makaratasi yangu, naomba kila mmoja apandishe mkono wa nguo, upande wa kulia, mpaka karibu na bega. Waliovaa mabaibui wapapase kwa juu, inatosha. Kuna kovu dogo la mviringo, limebonyea katikati kana kwamba mtu alibonyeza donge la unga kwa kidole akaliacha likauka. Waliozaliwa Kenya watafute mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko. Mtaani tunaliita ndui. Wazee wachache humu kweli wana kovu la ndui, lakini wengi wetu hatuna, maana ndui ilikwisha duniani miaka ya sabini na chanjo yake ikakoma. Hilo ulilolishika sasa ni la chanjo ya kifua kikuu, BCG, uliyochomwa ukiwa mchanga, ukalia, mama akakubembeleza, yakaisha.

Herufi mbili za mwisho ni za majina ya watu, Calmette na Guérin, Wafaransa waliofanya kazi mji wa Lille. Kuanzia 1908 walichukua kimelea cha kifua kikuu cha ng'ombe wakakiotesha juu ya vipande vya viazi vilivyopikwa kwa nyongo ya ng'ombe na gliserini. Kikishamea, wanakihamishia kwenye kiazi kingine. Kisha kingine. Walihamisha mara 230, kwa miaka 13, mpaka kimelea kikasahau ukali wake. Mwaka 1921 mtoto wa kwanza akapewa, huko Paris, kwa kumnywesha.

Nimeanzia begani kwa sababu nimeombwa nizungumzie tiba mpya ya saratani, nami neno "mpya" nalitilia shaka. Mwaka 1976 daktari mmoja wa mji wa Kingston, Kanada, aitwaye Alvaro Morales, alichapisha taarifa ya wagonjwa wa saratani ya kibofu aliowawekea BCG hiyohiyo ndani ya kibofu. Mpaka leo inafanyika vilevile. Daktari anaukwangua uvimbe kwanza, kisha anapitisha mpira wa mkojo na kumimina dawa, na mgonjwa anaambiwa ajizuie saa mbili asikojoe. Mara moja kwa wiki, wiki sita. Jioni ile mkojo unamchoma, anapata homa, anaichukia siku nzima. Na uchungu ule ndio dawa ikifanya kazi. Kimelea cha BCG hakina uwezo wa kuua saratani. Kinachoua ni kinga ya mgonjwa mwenyewe, iliyoamshwa kwa fujo, ikaja kukitafuta kimelea na ikaikuta saratani palepale.

Msikimbilie zahanati, tafadhali. Dozi ya kibofu ni kubwa mara nyingi mno kuliko ile ya mtoto. Halafu kuna jambo linaloniumiza: BCG inafaa kwa saratani inayoanza kwenye utando wa kawaida wa kibofu, ikiwa haijazama kwenye msuli. Saratani ya kibofu inayoletwa na kichocho, ile ya Pemba, ya Unguja, ya vijiji vya Kanda ya Ziwa, mara nyingi ni ya aina nyingine, iitwayo skwamasi, na hiyo haiisikilizi. Chanjo imejaa kwenye majokofu yetu, na mgonjwa aliyekaa kwenye benchi letu haimfai.

Sasa nije kwenye neno ambalo nadhani limewapoteza watu wengi: "kuongeza kinga." Redioni asubuhi, kwenye mabasi ya mikoani, kwenye makundi ya WhatsApp, kila mwenye kopo la unga anaongeza kinga. Sina ugomvi na mlonge, ni mboga nzuri, kwetu tunaula. Lakini kinga si maji kwenye tenki, useme leo yamepungua, niletee ndoo mbili. Mwenye pumu kinga yake haijapungua. Mwenye lupasi, kinga yake inamla viungo na figo kwa bidii kubwa. Mtoto anayepata kisukari cha sindano tangu akiwa na miaka saba, kinga yake ndiyo iliyoua seli za kutengeneza insulini. Mwili ulioongezewa kinga bila mpango ni mwili mgonjwa. Na wengi wa wagonjwa wa saratani ninaowaona, kinga yao ipo, ina nguvu za kutosha, tena imefika mpaka mlangoni pa uvimbe. Imefika, ikaambiwa itulie.

Niwaeleze kwa harusi, mtanielewa. Harusi za mjini siku hizi huingii bila kadi. Mlangoni wamesimama mabaunsa wawili, na kila anayepita anaonyesha kadi, moja au dabo. Mwili nao uko hivyo. Karibu kila seli inavunjavunja sehemu ndogo ya protini zake na kuzitundika nje, juu ya ngozi yake, kama mtu aliyeshika kadi. Wapita njia wanaokagua ni seli T. Mnazijua. CD4 mliyoisikia kliniki miaka yote hii ni aina moja ya seli T, ile inayotoa amri. Nduguye ni CD8, ndiye muuaji. Seli iliyoingiliwa na virusi itatundika kipande cha virusi, na CD8 akikiona haulizi mara mbili.

Saratani inamtatiza kwa sababu si mgeni. Ni mtoto wa nyumbani aliyeharibika. Kikulacho ki nguoni mwako, na wahenga hawakuwa na darubini. Kadi yake inafanana na ya wengine wote, isipokuwa herufi chache zilizokosewa pale vinasaba vilipoharibika. Mkaguzi mwenye jicho kali ataziona. Lakini saratani iliyokwisha kukua imejifunza. Nyingine inaacha kuonyesha kadi kabisa. Nyingine inamshika mkaguzi mkono na kumnong'oneza: tulia bwana, huyu ni wa ndani.

Kwamba kinga inapambana na saratani kila siku, sisi watu wa huku hatuhitaji kuambiwa na vitabu. Tuliliona kwa macho. Miaka ya themanini na tisini, UKIMWI ulipokausha CD4 za watu, yakaja mabaka yale meusi na ya zambarau, miguuni, kwenye kaakaa, usoni: saratani ya Kaposi. Virusi vinavyoisababisha vilikuwa ndani ya watu tangu zamani, vimekaa kimya. Walinzi walipoondoka, vikainuka. Kisha zikaja ARV. Dawa hizo hazijatengenezwa kuua saratani, lakini kwa wagonjwa ambao ugonjwa haukuwa umesambaa sana, mabaka yalinywea kwa ARV peke yake. Walinzi walirudi kazini. Ningekuwa na muda wa kuonyesha ushahidi mmoja tu wa jambo ninalolieleza leo, ningewaonyesha huo.

Mmoja wa madaktari wa kwanza kulifanyia kazi wazo hili kwa bidii alikuwa William Coley, mpasuaji kijana wa New York. Januari 1891 alimpoteza msichana wa miaka 17, Bessie Dashiell, kwa saratani ya mfupa iliyoanzia mkononi. Alimkata mkono, haikusaidia. Kijana yule alikwenda kwenye rejista za hospitali kutafuta kama kuna yeyote aliyewahi kupona saratani ya aina ile, akamkuta mmoja, mhamiaji wa Kijerumani aitwaye Stein, aliyepasuliwa shingo mara kadhaa na uvimbe ukarudi kila mara. Mwisho jeraha likashikwa na erisipela, maambukizi makali ya ngozi, homa ikampanda sana, na uvimbe ukayeyuka. Coley akaenda kumtafuta nyumba kwa nyumba katika mitaa ya wahamiaji ya mji ule. Akampata mzima, ana kovu tu.

Basi akaanza kuwachoma wagonjwa bakteria. Wengine walipona. Wengine waliuawa na dawa. Baadaye akatumia bakteria waliokwisha kuuawa, na kwa miaka zaidi ya arobaini akaendelea, huku wenzake wakimcheka na mashine za mionzi zikishika soko. Alikufa 1936. Tatizo lake halikuwa uongo. Tatizo ni kwamba hakuweza kueleza kwa nini huyu alipona na yule hakupona, na daktari asiyeweza kueleza hilo hana tiba bado, ana bahati.

Nasi Afrika Mashariki tuna ukurasa wetu katika kitabu hiki, na ni aibu kwamba hatuusomi. Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya. Uvimbe ule leo unabeba jina lake, na ndani yake, mwaka 1964, Epstein na wenzake huko London waligundua virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Ninalotaka mkumbuke ni jambo jingine. Burkitt aliona kwamba baadhi ya watoto walipona kabisa kwa dozi chache mno za dawa, dozi ambazo kwa hesabu hazikutosha. Nani aliyemalizia kazi? Watu wengi wakaanza kuishuku kinga. Kampala ikawa mahali pa kulijaribu swali hilo. Ian Magrath na John Ziegler wakawapa baadhi ya watoto BCG baada ya dawa, kuona kama kinga itaongezeka nguvu. Matokeo yalitoka 1976, mwaka uleule wa Morales: haikusaidia kitu. BCG ile ile, mwaka ule ule, Kanada imefaulu kibofuni, Uganda imeshindwa tayani. Mkitaka kuelewa kwa nini madaktari wengi walikata tamaa na tiba ya kinga kwa miaka ishirini iliyofuata, anzieni hapo. Wote walikuwa wakikanyaga mafuta. Hakuna aliyejua kwamba gari lilikuwa limefungwa breki.

Breki ya kwanza kueleweka inaitwa CTLA-4. Iko juu ya seli T yenyewe. Wengi walidhani ni ya kuchochea. Maabara ya James Allison, Mmarekani aliyekuwa Berkeley, ilikuwa miongoni mwa zilizoonyesha kwamba ni ya kuzuia. Allison alimpoteza mama yake kwa saratani ya limfu akiwa mtoto. Alijiuliza swali ambalo sasa linaonekana rahisi: vipi tukiifunika breki hiyo kwa kingamwili isishikike? Jaribio la kwanza kwa panya lilipofaulu aliamuru lirudiwe, bila yeye kujua panya yupi amepewa nini. Ilikuwa wakati wa Krismasi, msaidizi wake yuko safarini, ikabidi apime vimbe mwenyewe. Siku za mwanzo vimbe vyote vilikuwa vikikua, akakata tamaa. Kisha katika kundi moja vikasimama. Kisha vikaanza kupungua. Alichapisha mwaka 1996, na ilichukua mpaka 2011 dawa yake, ipilimumabu, kuruhusiwa Marekani kwa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, iliyosambaa.

Breki ya pili, PD-1, iligunduliwa Kyoto, Japani, mwaka 1992, katika maabara ya Tasuku Honjo. Hakuwa akitafuta dawa ya saratani. Alitaka kujua seli zinavyokufa. Panya waliozaliwa bila PD-1 walikua salama, lakini baadaye wakapata ugonjwa unaofanana na lupasi. Wale wasio na CTLA-4 walikuwa na hali mbaya zaidi, hufa wakiwa na wiki tatu au nne, kinga imewashambulia moyo na mapafu. Hapo mnaona breki zimewekwa kwa nini. Saratani haikuzibuni. Imezikuta, ikajifunza kuzikanyaga: inajivika protini inayoshikana na PD-1, na mkaguzi akiguswa hapo analegea.

Allison na Honjo waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Wakati huo dunia ilikuwa imekwisha kumwona Jimmy Carter, rais mstaafu wa Marekani, ambaye Agosti 2015, akiwa na miaka 90, alitangaza kwamba melanoma imefika kwenye ini na ubongo. Alipasuliwa, akapigwa mionzi, akapewa pembrolizumabu inayofungua breki ya PD-1. Desemba ileile hakukuonekana kitu. Alifariki Desemba 2024, ana miaka 100. Habari ya kupona kwake ilileta wagonjwa wengi wenye matumaini makubwa kupita kiasi, kwa sababu gazeti huandika juu ya aliyepona.

Nitaje kwa haraka njia nyingine, ile ya kuzitoa seli T mwilini, kuzipandikiza kinasaba cha kuzitambulisha saratani, kuzizalisha na kuzirudisha. Kwa saratani za damu ni ya ajabu. Mtoto Emily Whitehead wa Marekani, aliyekuwa na miaka sita, alipewa mwaka 2012 leukemia ilipokuwa imeshinda kila dawa. Seli zile zikawaka ndani yake kwa homa iliyokaribia kumuua, mpaka mtafiti Carl June akakumbuka dawa ya baridi yabisi aliyoijua kwa kuwa binti yake mwenyewe alikuwa na ugonjwa huo. Ikapoza moto ule kwa saa chache. Dawa ya aina hiyo iliporuhusiwa 2017 ilikuja na bei ya dola 475,000. India waliruhusu ya kwao mwaka 2023, kwa kiasi cha dola 50,000. Kwetu zote mbili ziko mbali, niiache hapo.

Sasa nirudi kwenye darubini, maana huko ndiko niliko kila siku. Mimi si daktari wa kutoa dawa. Ni mtu wa patholojia, wale mnaowapelekea vinyama vyenu na kusubiri majibu mkiwalaani. Kinyama hukatwa kipande chembamba, unene wake mikroni nne hivi, kikatiwa rangi mbili, moja ya zambarau na moja ya pinki. Seli za kinga huonekana kama mbegu za mchicha zilizomwagika kwenye kitambaa cha pinki: ndogo, za duara, nyeusi kwa karibu. Kuna slaidi ambazo mbegu hizo zimejaa katikati ya uvimbe, zimejichanganya na seli za saratani. Ninapoiona hiyo najua kuna vita, na breki zikifunguliwa huenda ikashindwa saratani. Kuna slaidi ambazo zimejipanga pembeni tu, safu kwa safu, kama watu walionyimwa kuingia ukumbini wakabaki wanasikiliza muziki nje. Na kuna slaidi tupu. Hakuna hata mbegu moja. Hapo ukifungua breki unafungua breki za gari lisilo na dereva.

Hii ndiyo changamoto kubwa kuliko zote na haizungumzwi redioni. Wengi hawaponi. Katika melanoma iliyotibiwa kwa ipilimumabu, karibu mmoja kati ya watano alikuwa hai baada ya miaka mitatu, na ajabu ni kwamba mstari wa walio hai baada ya hapo ulikaa sawa, haukuporomoka, hata mwaka wa kumi. Mmoja kati ya watano wanapata miaka. Wanne wanapata bili.

Nani ni huyo mmoja? Kwa kiasi fulani inategemea idadi ya makosa kwenye kadi. Saratani iliyojengwa na jua au moshi wa sigara ina vinasaba vilivyochakaa mno, kadi yake imejaa herufi za ajabu, na mkaguzi anaitambua kirahisi. Iliyo karibu safi inampita. Melanoma ya Wazungu, inayotokana na jua, inaitika vizuri kwa dawa hizi. Melanoma yetu watu weusi huota unyayoni, viganjani, chini ya kucha, mahali ambapo jua halifiki. Ndiyo iliyomuua Bob Marley mwaka 1981, ilianzia kwenye kidole gumba cha mguu. Hii huitika kwa uchache zaidi. Mkisoma kwamba dawa fulani inaponya melanoma, ulizeni ya nani.

Lakini wapo ndugu zetu ambao hesabu hii inawageukia. Watu wenye ualbino wa Tanzania huungua jua tangu utotoni, na wengi hupata saratani ya ngozi ya skwamasi wakiwa vijana. Saratani ya ngozi ya aina hiyo, iliyolishwa na jua, ni kati ya zinazoitika vizuri kabisa kwa tiba ya kinga. Dawa ya kwanza iliyoruhusiwa kwa ajili yake, semiplimabu, ilipitishwa Marekani mwaka 2018, na katika majaribio karibu nusu ya wagonjwa ambao ugonjwa umesambaa vimbe vyao vilinywea. Anayeihitaji zaidi yuko Geita na Simiyu, akiwa na kidonda shingoni kilichofungwa kitambaa. Dawa iko bei ambayo hata kuitaja mbele yake ni utovu wa adabu. Kilichomfikia ni kofia pana, shati la mikono mirefu na mafuta ya Kilisun, yaliyoanza kutengenezwa Moshi kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Siyadharau hata kidogo. Kopo lile la mafuta, likianza mapema, linashinda dripu.

Mwaka 2022 wengi wenu mlinitumia ujumbe uleule: "Dawa ya saratani imepatikana, wagonjwa wote wamepona." Ilikuwa habari ya kweli, kwa sehemu. New York, wagonjwa 12 wenye saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo mpana walipewa dostalimabu, na kwa wote 12 uvimbe ulitoweka. Ujumbe uliacha nje mstari mmoja: wote walichaguliwa kwa sababu saratani zao zilikuwa na kasoro maalumu katika kurekebisha vinasaba, kasoro inayopatikana kwa wagonjwa wachache tu wa saratani hiyo, chini ya mmoja kati ya kumi. Kuwapata kulihitaji kipimo.

Mama wa safu ya tatu, nimeuona mkono wako tangu nilipotaja dola. Nitakufikia, naomba uvumilie.

Madhara ya dawa hizi si yale ya tibakemikali. Nywele haziondoki, na mgonjwa huonekana mzima. Ukifungua breki, gari haliendi kwenye saratani peke yake. Linaweza kugonga utumbo, ini, mapafu, tezi ya shingoni, mara chache moyo, na moyo ukigongwa mambo ni mabaya. Linaweza kugonga kongosho ukapata kisukari cha ghafla ukubwani. Tena linaweza kuchelewa, likagonga miezi baada ya dawa kusimama.

Nilipokea kinyama cha utumbo cha mzee mmoja mstaafu, sitasema kilitoka hospitali gani. Alikuwa amerudi kutoka matibabu India miezi miwili kabla. Alihara mara kumi kwa siku. Alipewa Flagyl, hakupona. Akapimwa taifodi, akaambiwa anayo, maana kipimo kile kwetu kila mtu anayo. Akapewa dawa nyingine, kisha nyingine. Wiki tatu. Kinyama kilipofika mezani kwangu niliangalia amiba, sikuona. Nilichoona ni zile mbegu za mchicha, zimejaa kwenye ukuta wa utumbo, zinaubomoa. Nikapiga simu kuuliza alitumia dawa gani India. Kwenye faili hakukuandikwa kitu. Binti yake alikuwa na picha ya karatasi ya kuruhusiwa kwenye simu, na humo mlikuwa na majina mawili ya dawa hizi za kufungua breki: ipilimumabu na nivolumabu. Akaanzishwa dawa za steroidi kwa dozi kubwa, siku ya nne kuhara kukapungua. Steroidi ni dawa ya bei nafuu, ilikuwepo kabatini wakati wote. Mzee alipona tumbo; saratani ilimchukua mwaka uliofuata. Yeyote aliyepewa dawa hizi abebe jina lake kwenye pochi, kama anavyobeba kitambulisho, na alionyeshe kwa kila daktari, hata wa malaria.

Bei sasa. Nchini Marekani dozi moja ya pembrolizumabu ya miligramu 200 ina bei ya orodha inayozidi dola 10,000, na hutolewa kila wiki tatu, mara 17 hivi kwa mwaka. Zidisheni wenyewe. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliongeza matumizi yake katika orodha ya dawa muhimu, ikiwemo saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa, saratani inayowamaliza wanawake wetu. Orodha si dawa, lakini inampa waziri kitu cha kushika mezani anapojadiliana na kampuni. Hataza kuu za dawa hiyo Marekani zinatarajiwa kuisha 2028, na hapo watakuja watengenezaji wengine.

Walionipa moyo zaidi ni wa Mumbai, hospitali ya Tata Memorial, ambako vinywa vya watu vimeharibiwa na tambuu na tumbaku kama baadhi ya vinywa vya mwambao wetu. Waliwapa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo nivolumabu miligramu 20 tu kila wiki tatu, wakati dozi ya kawaida ni 240 kila wiki mbili, wakaiongeza kwenye vidonge vya bei ndogo. Matokeo yaliyochapishwa 2023 yalisema hivi: wasioipata, asilimia 16 walikuwa hai baada ya mwaka, walioipata, asilimia 43. Hawakuilinganisha na dozi kamili, na hilo ni pengo. Lakini nani angefadhili utafiti wa kutumia dawa kidogo zaidi? Kampuni haifadhili. Ni sisi tunaopaswa kuufanya, na wagonjwa tunao.

Tunao pia wagonjwa ambao dunia iliwaacha nje. Majaribio ya mwanzo ya dawa hizi hayakuwapokea watu wenye VVU, kwa hofu. Utafiti ulioongozwa na Thomas Uldrick, uliotoka 2019, ulionyesha kwamba wanaotumia ARV vizuri kwa ujumla wanazivumilia kama wengine. Kwetu hilo si tanbihi, ni nusu ya foleni ya kliniki ya mlango wa kizazi katika baadhi ya wilaya.

Nimalizie na kitu nilichokuja nacho mfukoni. Hiki hapa. Ni chupa ya dawa ya kikohozi, imesafishwa haikusafishika vizuri, na ndani yake miezi kadhaa iliyopita kulifika kinyama cha titi kutoka wilayani, kimeelea kwenye maji ya bomba. Siku tatu barabarani, juu ya basi. Kilipofika kilikuwa kimeoza. Sikuweza kusema ni saratani ya aina gani, sembuse kupima ile protini inayomnong'oneza mlinzi. Kilichohitajika ni formalini, ujazo mara kumi ya kinyama, ndani ya kopo lenye mdomo mpana, na jina la mgonjwa kwa kalamu isiyofutika. Dawa ya dola 10,000 huanzia kwenye kopo hilo. Serikali ikininunulia pembrolizumabu kesho nitashukuru, lakini sitajua nimpe nani.

Mama, samahani kwa kukuweka. Mpelekeeni maiki.